Nusu Upawa

Katika bwalo la kiwanda cha magodoro hakuna aliyebishana na mkono wa Mama Upawa. Mtu alifika dirishani na sahani yake, mama wa watu akamtazama mara moja, toka utosini hadi viatuni, akajua. Wabeba mizigo walipata upawa mmoja na nusu. Wanaokaa kwenye mashine walipata mmoja. Makarani wa ofisini, ambao hutamani kwa macho kisha wakamwaga, aliwapa robo tatu na kuwaambia wakimaliza warudi, akijua hawatarudi. "Tumbo halisomi mshahara," alizoea kusema. Hata meneja aliyekuja siku moja akitaka nyama ya nyongeza aliambiwa vivyo hivyo, akaondoka anacheka huku amenuna.

Lazima sifa hizo zisemwe mapema, maana yatakayofuata yanaweza kumfanya mtu amwone mchoyo. Hakuwa mchoyo. Laiti angekuwa mchoyo, mambo yangekuwa mepesi, kwa sababu mchoyo husutwa yakaisha.

Nyumbani walikuwa watatu: yeye, mwanawe aliyekuwa fundi wa kuchomelea mageti, na mke wa fundi, ambaye alishona sare za shule kwa cherehani iliyowekwa sebuleni, karibu na dirisha. Mshonaji huyo alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili. Baada ya ile ya pili, nesi wa kliniki aliwaambia kwamba mwili wa mama hutayarishwa kabla: ale maharage, ale mboga za majani, mayai, maziwa, damu ikae sawa, ndipo abebe. Mama Upawa aliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Alimlisha mkwewe mwaka mzima. Alimwamsha kwa uji mzito na kumsindikiza kulala kwa maziwa ya moto. Mashavu ya mshonaji yakajaa, kucha zikapata rangi, na mimba ikaingia.

Ilipoingia, upawa ukapungua.

*

"Mama, leo njaa imenikaba kidogo," mshonaji alisema jioni moja, akiitazama sahani yake.

Palikuwa na nusu upawa wa wali na maharage ya kuhesabika. Yai ambalo fundi alimnunulia mkewe lilikuwa limelala kwenye sahani ya fundi mwenyewe.

"Hiyo njaa si yako, ni ya huyo wa ndani," Mama Upawa alisema kwa upole. "Ukimsikiliza kila anapodai, atakuja duniani na mabega ya mbeba mizigo. Utampitisha wapi, mwanangu, na kiuno hicho?"

"Lakini mama, yai nilimletea yeye," fundi akasema.

"Kula, baba. Wewe ndiye unayeinamia moto kutwa nzima."

Fundi akala. Alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa wa aina ile isiyouliza swali la pili, na mambo ya uzazi aliyahesabu kuwa ya wanawake. Mkewe akala nusu yake taratibu, punje kwa punje, ili chakula kidumu.

Mama Upawa alimwona akifanya hivyo, na roho ilimuuma. Hilo nalo lisemwe. Ilimuuma, lakini hofu yake ilikuwa kubwa kuliko huruma yake. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekwama. Alipotolewa alikuwa mkubwa, mzuri, mzima wa viungo vyote, na hakulia. Wanawake waliomzunguka kitandani walimwambia, kabla hajafuta machozi, kwamba amejiponza kwa kula. Mimba ya pili alikula kama ndege, na mtoto akatoka mdogo, mwepesi, analia kwa hasira. Ndiye huyu anayechomelea mageti. Angetaka ushahidi gani mwingine? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mama huyu alikuwa ameshtuka kwa miaka thelathini.

Vilikuwapo pia vidonge vyekundu vya kuongeza damu, ambavyo mshonaji alipewa kliniki anywe kila siku. Mama Upawa alivipokea, akavigeuzageuza kiganjani, akavitia kwenye kopo tupu la majani ya chai na kulipandisha juu ya rafu ya jikoni.

"Hivi ndivyo vinavyomnenepesha mtoto," alisema. "Utakunywa kimoja kila Jumapili. Nesi anakijua kitabu, mwanangu, lakini hajapata kulala macho kwa ajili yako."

"Sawa, mama," mshonaji akasema.

*

Siku zikaenda. Tumbo lilikua dogo na la mviringo, na Mama Upawa alilitazama kama anavyotazama sufuria inayochemka vizuri. Kitu kimoja tu kilimchekesha. Chaki za kuchorea vitambaa zilikuwa zinaisha ovyo.

"Hizi chaki zako zinaliwa na panya?" fundi alimuuliza mkewe, akiweka pakiti mpya kwenye cherehani. "Mara ya tatu hii naleta."

"Zinavunjika," mshonaji akajibu, na akapangusa midomo kwa upande wa kiganja.

Mama Upawa aliiona ile alama nyeupe pembeni mwa mdomo. Akacheka. "Mwache mkeo. Mimba ina mambo. Mwingine hutamani udongo, mwingine huchukia hata sauti ya mumewe. Shukuru anakula chaki na si pesa zako."

Wakacheka wote watatu. Baadaye, kila alipoikumbuka jioni hiyo, kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomchoma zaidi. Mpishi aliyejua kutofautisha njaa ya mbeba mizigo na njaa ya karani kwa kumtazama tu aliona mtu anakula mawe ndani ya nyumba yake, na akafanya utani.

*

Kliniki walikwenda pamoja. Benchi lilikuwa limejaa, na wanawake walikuwa wakisogea matako kwa matako kila mlango ulipofunguliwa. Zamu yao ilipofika, nesi alimvuta mshonaji kope la chini, akainama kuchungulia.

"Humu ndani kumekuwa kweupe," alisema. "Kiganja chako pia. Unachoka?"

"Kidogo."

"Moyo unakwenda mbio ukipanda ngazi?"

"Kwetu hakuna ngazi," mshonaji akasema, na nesi akatabasamu.

"Vidonge unakunywa?"

Mshonaji aligeuza macho kuelekea kwa mama mkwe. Aligeuza kidogo sana, kiasi ambacho nesi hakuona. "Nakunywa."

"Na chakula? Mjamzito asiponiambia ukweli kuhusu sahani yake, siwezi kumsaidia."

Mama Upawa ndiye aliyejibu. "Nesi, mimi ni mpishi kwa kazi. Nalisha kiwanda kizima. Nyumbani kwangu hajalala mtu njaa."

Hakusema uongo kwa kukusudia. Alisema sentensi aliyozoea kuisema. Nesi alimwangalia yule mama mwenye mikono mipana na kitambaa safi kichwani, akaridhika. "Basi dada, una bahati. Mpishi akiwa ndani ya nyumba, mimi nihangaike nini?" Akampa vidonge vingine, akaita mwingine aingie.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mshonaji alisimama kupumzika. "Mama, nesi kasema damu imepungua."

"Damu hurudi, mwanangu. Kiuno hakibadiliki. Twende."

*

Aliyemwambia ukweli ni Bi Sabuni, muosha vyombo wa bwaloni, mwanamke aliyezaa watoto saba na kusema kila lililomfika mdomoni.

"Mkweo vipi?"

"Mzima. Tumbo dogo, la kupendeza. Nimemshika mkono, hali chakula ovyo."

"Unampa kiasi gani?"

"Nusu."

Bi Sabuni aliacha sufuria ikaelea kwenye povu. "Wewe? Wewe unayemwekea mlinzi sahani ya pili kwa sababu anakohoa? Hawa wanaume unaowapa mmoja na nusu, mizigo yao wanaitua jioni. Mzigo wa mkweo anautua wapi? Analala nao. Ndani yake wako wawili, nawe unawapakulia nusu mtu."

"Wewe umezaa saba kama anayekohoa," Mama Upawa akasema. "Hujui kukwama. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa."

Bi Sabuni aliona machozi yanakaribia, akarudi kwenye sufuria yake. Walikuwa marafiki wa siku nyingi, na urafiki una mahali unaponyamaza. Hapo pengine palikuwa si mahali pake.

*

Uchungu ulimshika mshonaji mchana, mwezi mzima kabla ya wakati, akiwa kwenye cherehani na sketi ya shule chini ya sindano. Jirani alikimbia karakana kumwita fundi, fundi akampigia mama yake simu kiwandani. Mama Upawa alifika hospitali na aproni yake, upawa ukiwa bado mkononi, kwa kuwa hakukumbuka kuuacha.

Mtoto alitoka upesi. Hakukwama hata kidogo. Alikuwa wa kike, mdogo kiasi kwamba nesi alimbeba kwa mkono mmoja kumpeleka kwenye joto. Lakini mama yake alianza kuvuja damu, na mwili wake haukuwa na akiba.

Alikuwa yule yule nesi wa kliniki, siku hiyo yuko zamu ya wodi. "Tunataka watu wa kutoa damu," alisema. "Sasa hivi."

Fundi alitoa. Bi Sabuni alipopata habari alitangaza bwaloni, na wabeba mizigo wawili wakaja na nguo zao za kazi, vumbi la sponji likiwa kwenye nywele. Mmoja wao, alipotoka akiwa amebonyeza pamba mkononi, alimkuta Mama Upawa kwenye benchi.

"Usilie, mama," alimwambia. "Damu yenyewe hii ni wali wako. Tumekurudishia tu."

Alisema kwa kumfariji, na akashangaa kuona yule mama anajifunika uso kwa aproni.

Damu ikaingia, na mshonaji akarudi kutoka alikokuwa anakwenda. Nesi akaja ukumbini, akajifuta jasho, akawauliza fundi na mama yake kwa pamoja: "Alikuwa anakunywa vidonge kweli? Kwa sababu anayekunywa hafiki huku."

Fundi akamtazama mama yake. Alimtazama kama mtoto anavyomtazama mama anapoulizwa swali na mwalimu. Mama Upawa akafungua mdomo.

"Wengine huvitupa," nesi akaendelea kwa uchovu, kabla neno halijatoka. "Wanasema vinawachafua tumbo. Mtu unamwambia, unamwambia tena."

Mama Upawa akafunga mdomo. Nesi alikuwa amemfungulia mlango wa kulikwepa swali, naye akautumia. Aliona aibu palepale, lakini aibu haikumzuia kunyamaza.

Mtoto alikufa asubuhi iliyofuata. Hakuwa na jina bado. Watu husema majuto ni mjukuu. Mama Upawa alipewa vyote viwili kwa siku moja, na kimoja akakizika.

*

Siku ya kumtoa mgonjwa, fundi alipokwenda kutafuta gari, Mama Upawa alimfuata nesi kwenye ukumbi.

"Nikuulize kitu cha zamani. Mtoto hukwama kwa sababu mama yake alikula sana?"

Nesi alidhani ni swali la hivi hivi. "Hapana, mama. Mara nyingi ni namna mtoto alivyolala, au nyonga ya mama ilivyoumbwa. Mwingine amelala vibaya, mwingine amegeuza uso. Hilo hata ufunge mwezi mzima halibadiliki. Ukimnyima mama chakula humpunguzi mtoto kwa ajili ya njia. Unampunguzia nguvu ya kuishi. Na mama mwenyewe anabaki bila damu ya kupoteza." Kisha akauliza: "Kwa nini?"

"Nilikuwa na mtoto," Mama Upawa akasema. "Zamani."

"Hukumuua wewe," nesi akasema, akamgusa bega, akaenda zake. Hakujua kwamba alikuwa amemwondolea mama huyo maiti mmoja na kumwachia mwingine.

*

Nyumbani, shangazi na majirani walikuja na kwenda. Walipokwisha kuondoka, nyumba ikabaki na sauti ya kijiko tu. Mama Upawa alikuwa uani akipakua chakula aliposikia sauti ya mwanawe kupitia dirisha.

"Mke wangu, sikulaumu. Lakini niambie. Vidonge ulivitupa?"

Gurudumu la cherehani lilizunguka mara moja, likasimama.

"Nakuuliza kwa sababu wanasema tumbo lako halishiki. Shangazi kasema leo, mbele yangu. Nami sina la kumjibu. Kama ulivitupa, niambie ulivitupa."

"Vilinichafua tumbo," mshonaji akasema.

Mama Upawa aliusikia uongo huo mpaka mwisho wake. Ungeweza kukaa humo nyumbani miaka yote, ukiwa umefunikwa vizuri. Mkwewe angeubeba, kama alivyobeba kila alichopewa. Akaweka upawa chini, akaingia jikoni, akapanda kwenye kigoda, akalishusha lile kopo la majani ya chai. Akaingia sebuleni, akalimimina juu ya cherehani. Vidonge vyekundu vikatawanyika kwenye kitambaa cha sare, vingine vikaviringika mpaka sakafuni.

"Mimi nilivizuia," alisema. "Na chakula nilimpunguzia mimi. Yai lake ulilila wewe, mwanangu, kwa mkono wangu. Niliogopa atakwama kama mimi."

Fundi akaokota kidonge kimoja, akakigeuza kiganjani. Hakupaza sauti, na mama yake angependa aipaze.

"Pale hospitali nilikutazama, mama."

"Ulinitazama."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Fundi akainuka, akapita kando yake bila kumgusa, akatoka. Tangu siku hiyo alikula mgahawani karibu na karakana yake. Jioni alirudi, akamwamkia mama yake kwa heshima kama kawaida, akamuuliza habari za kazi, na akasema ameshiba. Kwa mama ambaye maisha yake yote ni kupakua, hapakuwa na tusi ambalo lingemfika zaidi ya hiyo heshima.

*

Mshonaji alibaki nyumbani naye. Nesi alikuwa amesema mwili wake urudishwe polepole, kwa chakula na vidonge, na kwamba mimba nyingine isizungumzwe kwanza. Mama Upawa aliomba likizo. Alipika maharage mpaka yakawa laini kama siagi, akachambua mboga jani kwa jani, akanunua mayai kwa mshahara wake. Wakati wa mimba hofu yake haikumruhusu kufanya hivyo. Sasa hofu ilikuwa imekwisha, na mtoto naye hayupo.

Siku moja mchana, akiwa ameinama kuandaa meza, alisema bila kumtazama mkwewe: "Kwa nini ulinifichia siri kwa mumeo?"

Mshonaji alikuwa akikunja sketi. "Sikukufichia wewe, mama. Ningesema ni wewe, angeniuliza mbona nilikubali."

"Na mbona ulikubali, mwanangu? Ungeniambia unaumwa njaa."

"Nilikuambia. Mara moja." Alilaza sketi juu ya nyingine, akainyoosha kwa kiganja. Hakuwa na hasira, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku. "Kisha nikajiambia, huyu mama humtazama mtu mara moja tu akajua anahitaji kiasi gani. Kiwanda kizima kinasema hivyo. Nilidhani umenitazama."

 Mama Upawa alichukua sahani kubwa, ile aliyokuwa akiwapakulia wanaume, akaijaza upawa mzima wa wali, na maharage, na mboga, na yai juu. Akaiweka mbele ya mkwewe kwa mikono miwili, pamoja na kidonge kimoja chekundu kwenye kisahani.

Mshonaji alikunywa kidonge. Akakishika kijiko, na kwa ncha yake akachora mstari katikati ya wali, ulionyooka, kama anavyochora kitambaa kabla ya mkasi. Akala upande mmoja, taratibu, punje kwa punje. Alipoufikia mstari akaweka kijiko chini.

"Imetosha, mama."

"Kula, mwanangu. Ni yako yote."

"Najua." Alijaribu kijiko kimoja cha upande wa pili, akakifikisha midomoni, akakirudisha. Akaisukuma sahani kidogo kuelekea kwa mama mkwe, bila ubaya wowote. "Tumbo limeshazoea."

Akarudi kwenye cherehani, na muda si muda sauti ya sindano ikaanza. Mama Upawa alibaki mezani mbele ya ile nusu, upawa mkononi, mpaka wali ukapoa.